Picha Ndani ya Aya Zilizojongezwa

Mwalimu mtarajiwa aliyeko katika mazoezi ya kufundisha, awe Bukoba mjini au katika shule ya kijijini Muleba, huenda akaandaa karatasi za somo kwa kompyuta. Tuchukue somo la sayansi juu ya mnyauko bakteria wa migomba, ugonjwa uliogunduliwa Muleba mwaka 2006 na kuharibu vibanja vingi mkoani Kagera. Dalili yake mojawapo ni rangi ya kahawia ndani ya ndizi iliyokatwa. Ikiwa ukingo wa kulia wa picha umepotea, na huko ndiko ilikokuwa ndizi iliyopasuliwa, mtoto atakosa ujuzi ambao kibanja cha baba yake kinauhitaji. Kwa hiyo hatuna budi kueleza kwa nini picha hukatika.

Programu ya uandishi huihesabu picha iliyomo mstarini kama herufi moja kubwa. Picha hiyo husogezwa na maneno yanayoitangulia, nayo huupanua mstari wake kwenda juu. Ikiwa nafasi ya mistari imefungwa kwa kipimo kisichobadilika, mstari haupanuki, na picha huonekana kama kipande chembamba tu. Tumewaona wanachuo wakidhani kwamba picha imeharibika, wakaifuta na kuiingiza tena mara tatu, hali dawa ni kuirudisha nafasi ya mistari ya aya ile iwe ya kawaida.

Upana ndio wenye taabu zaidi. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimeta 21. Tukiacha pambizo ya sentimeta 2.5 kila upande, mstari hubakiwa na 16. Tuseme kila ngazi ya orodha imejongezwa sentimeta 1.25. Katika ngazi ya pili mstari una sentimeta 13.5 tu. Picha iliyopimwa kujaza mstari mzima, kisha aya yake ikajongezwa, haipungui yenyewe: hubaki na sentimeta zake 16, ikafika ukingoni kabisa mwa karatasi, mahali ambapo mashine nyingi za kuchapia haziwezi kuchapa. Katika ngazi ya tatu sentimeta 1.25 za picha huangukia nje ya karatasi.

Tena picha ya simu huja na ukubwa wake. Yenye pikseli 4000 kwa upana, ikihesabiwa pikseli 300 kwa inchi, ni karibu sentimeta 34. Ikihesabiwa 96, huzidi mita moja. Programu nyingi huipunguza inapoingizwa, lakini nyingine huionyesha kwa ukubwa wake halisi, bila kujali mjongezo. Wala asilimia isitudanganye: mara nyingi asilimia iliyoandikwa katika kisanduku cha ukubwa ni ya picha yenyewe, si ya mstari.

Yafaa basi tujongeze aya kwanza, tutoe mjongezo katika upana wa mstari, ndipo tuandike upana wa picha kwa sentimeta na kuufunga uwiano wake. Kwa picha ya nne kwa tatu katika ngazi ya pili, upana wa 13.5 huleta kimo cha takriban 10.1. Ikiwa kwa kipimo hicho ile kahawia ya ndizi haionekani vizuri, picha na itolewe katika orodha, iwekwe katika aya yake yenyewe isiyojongezwa, na hatua iitaje kwa namba.