Oili Inayovuja Katika Pikipiki: Itafutwe Inapotokea, Si Inapodondokea



Siku hizi wengi katika sisi hatuendi tena shamba kwa miguu. Pikipiki ndiyo itupelekayo mikarafuuni alfajiri, na ndiyo ifikishayo gunia kavu katika kituo cha kununulia karafuu. Ikitufia katikati ya msimu, hasara haiishii kwa fundi. Karafuu iliyokwisha iva haingoji mtu. Huchanua mtini, na ikichanua thamani yake imekwenda.

Ubovu unaopuuzwa kuliko wote ni kuvuja kwa oili. Mtu huona doa chini ya injini asubuhi, akasema si kitu. Twapenda kueleza kwa nini ni kitu. Pikipiki nyingi tunazozitumia, zile ndogo za silinda moja zisizochanganywa oili katika petroli, huchukua oili kiasi cha lita 1 tu. Oili hiyo moja ndiyo ilainishayo pistoni, gia na klachi, na ndiyo isaidiayo kupoza injini. Ikipungua sana, pistoni hushika ndani ya silinda na injini husimama. Tena oili ikifika kwenye tairi la nyuma humwangusha mpandaji penye kona. Na ikifika kwenye gunia au jamvi, karafuu hushika harufu yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini hapana budi kwanza ujue ufa uko wapi. Oili hutambaa kwenda chini, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo panapodondoka sipo panapotoka. Mahali pa kutafuta ni pale palipolowa juu kabisa na mbele kabisa.

Basi kabla ya kufungua hata nati moja, yafaa kufanya mambo mawili.

La kwanza ni kupima. Washa injini dakika chache, zima, ngoja dakika 2 au 3, kisha simamisha pikipiki wima mahali sawa. Futa kijiti cha kupimia, kipime kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza, na tazama kama oili iko baina ya alama mbili. Oili ikizidi nayo huleta kuvuja, kwani huchapwa ndani ikafanya povu, ikasukumwa kwenye mpira wa kupumulia mpaka ndani ya chujio la hewa. Tazama na mpira huo wenyewe. Ukiwa umejikunja, au umezibwa na tope au mdudu, pumzi ya injini hukosa njia na hutafuta sili iliyo dhaifu. Hapo kubadilisha sili hakufai kitu. Dawa ni kupunguza oili au kuzibua mpira.

La pili ni kuosha. Injini ikiwa imepoa, isugue kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, ikaushe vizuri kwa kitambaa, kisha nyunyizia poda ya watoto kila upande unaoutilia shaka. Endesha mwendo mfupi, rudi utazame. Poda itakuwa imelowa pale pale panapotoka.

Mahali penyewe mara nyingi ni hapa:

1. Bolti ya kumwagia oili, chini ya injini. Washa yake laini hubanwa ikabonyea, na haifai kutumika mara nyingi. Weka mpya. Usiikaze kwa kuning'inia juu ya spana, kwa kuwa injini ni ya aluminiamu na nyuzi zake hukatika upesi.

2. Vifuniko vya vali, juu ya silinda. Pete zao za mpira hukauka kwa joto zikawa ngumu. Bei yake ni ndogo na kazi yake ni nyepesi.

3. Kifuniko cha upande wa klachi. Gasketi yake ya karatasi ikichanika haitengenezeki, itiwe mpya.

4. Sili ya mti wa gia, na sili iliyo nyuma ya gurudumu dogo la meno livutalo cheni. Hapa tahadhari: oili ya kupaka cheni nayo hurukia hapo hapo. Osha kwanza, usipake cheni, ndipo uhukumu.

5. Shina la silinda na kichwa chake. Hii ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Ikiwa oili yapungua na nje ni pakavu, na bomba latoa moshi wa buluu, basi haivuji bali yaungua ndani. Huenda ringi za pistoni au sili za vali zimechoka, na kubadilisha gasketi hakutasaidia.

Twawaonya pia juu ya desturi ya kupaka gundi ya silikoni kila palipolowa. Ikipakwa nje juu ya mafuta haishiki. Ikijazwa ndani, vipande vyake hukatika na kuziba chujio la oili, na mwenye kutaka kuokoa tone akaua injini nzima. Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa kipande cha mti, si kwa kisu, maana mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya oili. Bolti za kifuniko zikazwe kidogo kidogo, kwa kukingamanisha, mpaka zilingane.

Unapoongeza oili, tazama chupa iwe ni ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za gari huifanya klachi iteleze. Na oili chafu isimwagwe shambani wala karibu na kisima. Itiwe katika galoni ifungwe.

Kila mwanachama na apime oili yake leo, kabla ya magunia kuanza kujaa. Kazi hii haizidi robo saa.

Katibu wa Chama