Kidonge kimoja, shabaha nyingi: Safari ngumu ya dawa ya Alzheimer

Mzee wa Namakwekwe, jijini Mbale, anapoanza kusahau majina ya wanawe au njia ya kurudi nyumbani, majirani huweza kusema ni uzee tu, au amerogwa. Huenda ni ugonjwa wa Alzheimer, uliobainishwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mbona hauna dawa ya kuuponya? Ubongo hushambuliwa kwa njia kadhaa kwa pamoja. Protini iitwayo amiloidi hurundikana nje ya seli, nyingine iitwayo tau husokotana ndani yake, na asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe baina ya seli, hupungua. Donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huzuia kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo. Dalili hupungua kwa muda, lakini seli huendelea kufa.

Ndipo likazuka wazo la kuunda molekuli moja yenye shabaha nyingi. Wakemia huunganisha sehemu za dawa mbili ziwe kitu kimoja, hivyo mgonjwa msahaulifu hupunguziwa idadi ya vidonge. Ugumu ni kwamba molekuli kubwa haipenyi kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Tena, kipimo kinachotosha shabaha moja chaweza kuwa haba, au sumu, kwa nyingine.

Mfano ni ladostigili, iliyobuniwa Israeli kutokana na rivastigmini, dawa ya Alzheimer, na rasajilini, dawa ya Parkinson. Matokeo ya jaribio la miaka mitatu, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa ni salama, ila haikuthibitika kuuchelewesha ugonjwa. Utafiti wa molekuli za aina hii unaendelea.

Kwa hiyo, anayetangaza leo kwamba anauza dawa ya kuponya Alzheimer asiaminiwe. Hata hivyo, si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, kasoro za tezi ya shingo, sonona na virusi vya Ukimwi huweza kuleta dalili zinazofanana, na yote hayo yana matibabu. Mzee apelekwe hospitali, kama ile ya Rufaa ya Mbale, apimwe kabla ya kuhukumiwa.