Kwa Nini Ulimi wa Plau Huisha Upesi

Udongo wa sehemu nyingi za Iringa umetokana na mawe ya itale, kama lile jiwe kubwa la Gangilonga lililo juu ya mji. Mawe hayo yakilika huacha chembe za kwatsi, ambazo ugumu wake katika kipimo cha Vickers ni kiasi cha 1,000. Chuma cha pua chenye kaboni kidogo, yaani chini ya asilimia 0.25, kwa kawaida hakifiki 200. Kila hatua ya maksai, basi, ni sawa na kuupitishia tupa ulimi wa plau. Rungwe, mkoani Mbeya, udongo ni wa majivu ya volkeno, wenye kwatsi chache zaidi.

Mhunzi afuaye ulimi kwa springi ya gari huupasha moto mpaka uwe mwekundu, akautumbukiza majini, nao ukawa mgumu. Akifanya vivyo hivyo kwa bamba la kawaida hupata mvuke, na lawama za mteja.

Chuma kikivuka nyuzi 727 za Sentigredi, atomi zake huanza kujipanga upya, na mpangilio huo huweza kumeza kaboni nyingi. Kikipozwa ghafula, kaboni hunaswa humo na kuzizuia atomi zisiteleze. Ugumu ndio huo. Springi ina kaboni kiasi cha asilimia 0.6, bamba halina cha kunasa.

Kaboni isipokuwamo, budi itiwe. Ulimi hufukiwa katika mkebe wa chuma wenye makaa yaliyopondwa, kama yale ya miwati ya Njombe, pamoja na unga kidogo wa mawe ya chokaa. Mfuniko huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na mkebe huwekwa katika joto la nyuzi 900. Asiye na kipimajoto na atazame punje za chumvi ya kupikia juu ya kipande cha chuma tanurini: huyeyuka kwenye nyuzi 801. Baada ya hapo moto uongezwe mpaka wekundu uelekee rangi ya chungwa.

Kinachobeba kaboni hasa ni gesi ya monoksidi ya kaboni, ile ile iuayo watu walalao na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi ya Makete. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa.

Kwa saa 4 hivi hupatikana ngozi ngumu ya karibu milimita 1. Milimita 2 huhitaji saa 16, wala si 8, na hapo makaa huweza kugharimu kuliko ulimi wenyewe.

Baada ya kutiwa maji, ngozi huvuka 700. Kwatsi bado huishinda, lakini ulaji hupungua sana, na moyo wa chuma, uliobaki laini, hustahimili visiki. Ulimi upashwe tena kidogo, kiasi cha nyuzi 200, mpaka sehemu iliyosuguliwa ianze kuwa manjano hafifu. Bila hivyo makali humeguka. Kisha ujaribiwe kwa tupa. Ikiteleza, ngozi imeshika. Iking'ata, mkebe ulivuja au moto ulikuwa mdogo.