Herufi Nne Zinazowatatiza Wasomaji wa Kiingereza

Katika mashamba ya ngano ya Njoro, Rongai na Molo hakuna mtu asiyejua plau. Neno hili tulilipata kwa Waingereza, nasi tukaliandika kama masikio yetu yalivyolisikia. Lakini mtu ajifunzaye Kiingereza akifungua kitabu chake hulikuta limeandikwa "plough", herufi sita, na nne za mwisho hazifanani hata kidogo na sauti aliyoizoea. Akiendelea kusoma atakutana na "trough", yaani hori la kunyweshea ng'ombe, kisha "enough", maana yake ya kutosha, na "though", maana yake ingawa. Kila moja lina herufi sita, na kila moja huishia kwa o-u-g-h. Hapo msomaji hudhani amepata kanuni: ikiwa la kwanza ni plau, basi la pili ni trau, la tatu inau, na la nne dhau. Sivyo. La pili hutamkwa trof, la tatu inaf, na la nne dhou.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Watu wazima wengi hukisoma Kiingereza kwa macho kabla ya kukisikia kwa masikio. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya wenzake na kusoma "enough" kama inau, huchekwa, na wako waliofunga vitabu vyao kwa aibu ya siku moja wasirudi tena darasani. Mtoto naye huambiwa kwamba ni mvivu. Yafaa basi ijulikane kwamba kasoro haimo katika akili ya msomaji. Sauti za Kiingereza zimebadilika, bali maandishi yamebaki pale pale.

Zamani maneno hayo yote yaliishia kwa sauti ya kooni, iliyokaribia ile kh ya mtu wa pwani asemapo kheri. Waandishi wa Uingereza waliiandika sauti hiyo kwa g na h, na siku zile herufi hizo zilikuwa na kazi yake. Jamaa za Kiingereza wameihifadhi mpaka leo. Makaburu waliofika mwaka 1908 kwenda kukaa Uasin Gishu, ambao walishuka garimoshi hapa Nakuru na kuendelea na safari kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, walisema "genoeg" kwa maana ya kutosha, na neno hilo huishia kooni hasa.

Waingereza wao waliiacha sauti hiyo kidogo kidogo, wala hawakuiacha kwa namna moja. Katika sehemu nyingine za nchi yao ilitoweka kabisa, ikabaki irabu peke yake, kama katika "plough" na "though". Kwingine, kwa kuwa midomo ilikuwa imekwisha kuviringwa kwa kutamka o au u, pumzi iliyotoka kooni ilihamia midomoni ikawa f. Atakaye kuthibitisha na aseme ukh mara nyingi upesi upesi huku ameviringa midomo. Ataona f iko karibu sana. Baadaye usemi wa sehemu hizo mbalimbali ulichanganyika, hata neno moja likachukuliwa kwa matamshi ya huku na jingine kwa matamshi ya kule.

Laiti tahajia ingalingoja mambo yatulie! Lakini William Caxton alianza kupiga chapa vitabu huko Westminster mwaka 1476, wakati ambapo watu wengi walikuwa wangali wakiitamka sauti ya kooni, na wapiga chapa waliomfuata wakashika maandishi yale yale. Kamusi ya Samuel Johnson ilipotoka mwaka 1755 sauti ilikuwa imekwisha kufa katika usemi wa London, ila herufi zake zilikuwa zimekwisha kuwa desturi.

Kiswahili kilipata bahati njema zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kwa hiyo tahajia yetu bado ni kijana. Hata hivyo tusijisifu mno: jina la Naivasha liliandikwa vibaya na wageni walioshindwa kulisikia neno la Wamaasai, Naiposha, nasi sote sasa twatamka kama ramani isemavyo. Vitabu vya Kiingereza hulieleza jina hilo kuwa ni maji yenye mawimbi, na neno wanalotumia ni "rough", ambalo nalo ni la ukoo huu huu.

Ajifunzaye asiyakariri maneno haya kwa sura zao, bali ayapange kwa sauti. "Plough" aliweke pamoja na "bough", tawi la mti, yote yaishie kwa au. "Trough" lifuatane na "cough", kikohozi. Sauti ni of. "Enough" likae na "rough" na "tough", yaani gumu. Sauti ni af. "Though" liende na "dough", unga uliokandwa kwa mkate, kwa ou. Kundi moja kwa siku latosha.

Liko neno moja lisilokubali kundi lolote, nalo ni "slough". Likiwa na maana ya kinamasi, husemwa slau. Likiwa ni gamba alilojivua nyoka, husemwa slaf. Herufi ni zile zile sita, na msomaji hana budi kutazama habari inayosimuliwa ndipo ajue alitamkeje.

Mwisho, mwenye trekta asishangae akikuta "plow" katika kitabu cha mtambo uliotoka Marekani. Ni plau ile ile. Noah Webster aliliandika hivyo katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1828, na Wamarekani wakamfuata. Lakini shule za Kenya hufuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo katika mtihani mwanafunzi ataandika "plough".