Alicheza Kwao, Hakutuzwa

Wahenga walinena: mcheza kwao hutuzwa. Mimi, wasomaji wangu, nilianza kuishuku methali hii siku niliposoma habari za Fritz Pollard wa Marekani.

Mchezo wenyewe ni ule mpira wao wa umbo la yai, ubebwao kwa mikono na kuangushana. Pollard, mtu mweusi, alizaliwa Chicago mwaka 1894. Alikuwa mfupi, mwenye uzito wa kilo 75 hivi, lakini kwa mbio na chenga hakuwa na mfano. Ligi ya kulipwa ilipoanza mwaka 1920, aliichezea Akron Pros, nao wakatwaa ubingwa bila kushindwa hata mara moja. Mwaka uliofuata akawa pia mkufunzi, akiwaongoza wachezaji wazungu.

Watazamaji walimtukana, na wapinzani walimrukia hata akiwa ameshaanguka. Basi alijifunza kulala chali upesi na kuinua miguu, amvamiaye akutane na viatu.

Baadaye mlango ulifungwa. Tangu 1934 hadi 1945 hakuna mweusi aliyecheza katika ligi ile. Na mkufunzi mkuu mweusi hakuonekana tena mpaka 1989. Pollard alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1986. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 2005, naye yu kaburini miaka 19.

Sasa nimeirudia ile methali, na naona haikukosea. Waliokosea ni watu wa kwao.