Kisu Hakikati Sawa? Muulize Meza Kwanza

Mwezi huu tunawaletea habari ya ufundi. Wazazi wengi wametuuliza: vijana wetu wanaojifunza kukata stika, mbona kazi nyingi inatupwa?

Tulienda Kajaga, njia ya Gatumba, magharibi ya Bujumbura. Kuna atelye moja ndogo ya vijana wakimbizi. Mashine yao ni meza bapa, juu yake kuna daraja linalotembea, na kwenye daraja kuna kichwa chenye kisu kidogo. Wanakata herufi za vibao vya maduka na za teksi. Kisu kinatakiwa kikate stika peke yake, karatasi ya chini ibaki nzima. Hapo herufi inabanduka vizuri.

Lakini kona ya mbele, kushoto, herufi zilikataa kubanduka. Vijana wakaongeza nguvu ya kisu. Kona ile ikakata, lakini upande wa kulia kisu kikapasua mpaka karatasi ya chini. Wakanunua kisu kipya. Bado. Mteja akarudisha kazi yote. Na pesa ya ile stika ilikuwa ya mama wa mmoja wao, pesa ya kuuza ndagala.

Siku ile alipita mzee mmoja, fundi mbao kutoka Uvira. Akaangalia, akacheka kidogo: "Wanangu, munalaumu kisu tu. Meza mumeiuliza?"

Akafunga kamba mbili kutoka kona mpaka kona, zikapita kama msalaba. Meza ikiwa haikujipinda, kamba zinagusana kidogo tu katikati bila kusukumana. Za pale ziliachana. Kumbe mguu mmoja umezama! Kajaga ni udongo wa mchanga. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likapanda mpaka kwenye nyumba za kando yake. Sakafu ya sementi juu ya mchanga uliolowa inapasuka na kushuka pole pole. Mguu ukishuka, fremu inajipinda, na kisu hakina tena umbali mmoja na meza kila mahali.

Umbali mdogo sana unatosha kuharibu. Karatasi ya kawaida ya ofisi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, na stika nyingi haizidi hapo. Kwa hiyo meza ikishuka unene wa karatasi moja tu, kazi imekwisha kuharibika.

TUFANYE NINI?

1. Tusiongeze nguvu ya kisu haraka. Nguvu nyingi inachimba kitandiko cha meza, na yale mashimo yanaleta ubaya mwingine.

2. Tukate alama ndogo ya mraba sehemu tisa: kona nne, katikati ya kila upande, na katikati ya meza. Tubandue moja moja, tuandike wapi imekataa.

3. Tugeuze stika nusu duara, tukate tena. Ubaya ukibaki kwenye kona ile ile ya meza, tatizo ni meza au daraja. Ukihama pamoja na stika, tatizo ni stika yenyewe: imekunjamana au haikulala vizuri.

4. Ubaya ukitokea ovyo, leo hapa kesho pale, tuzime mashine tuangalie kishikio cha kisu. Visi zimelegea? Vumbi na gundi vinazuia kisu kuzunguka? Stika inainuka wakati wa kukata?

5. Ikiwa sehemu zote zinakata kidogo kidogo kuliko zamani, hapo ndipo kisu kimechoka. Tubadilishe.

6. Kitandiko kikiwa na mifereji, tukigeuze au tuweke kipya.

7. Mwisho tupime miguu kwa nivo, wengine wanaita pima maji, na kwa kamba za mzee. Mguu uliozama tuukalishe juu ya kipande cha chuma au mbao ngumu. Halafu turudie zile alama tisa.

Wazazi, tuwakumbushe pia: mkono usikaribie kisu kabla ya kuzima mashine, na watoto wadogo wasicheze pale.

Vijana wa Kajaga walikalisha mguu juu ya vipande viwili vya bati nene, wakarudisha nguvu ya kisu pale ilipokuwa mwanzo, wakakata alama tisa. Zote zikabanduka. Mteja alikubali kazi ya pili. Deni la mama bado wanalilipa, kidogo kidogo, kila Jumamosi.

Visu viwili vya zamani tuliviona juu ya dirisha. Tukauliza kama vimekufa. Wakajibu, "Hapana, ni vizima. Tulivifukuza bure."

Kwetu hapa kuna mafundi wazee wengi wanaokaa bila kuulizwa. Tuwaulize. Kuuliza si ujinga. Tutaonana mwezi ujao.