Kujua Kuwa Mgeni

Ikitajwa misafara iliyotoka Pwani hadi Buganda, akili hukimbilia njia: mito, nyika, na tajiri hodari anayezijua zote. Lakini njia ilikuwa kitu cha kukodi. Wanyamwezi walikuwa wakishusha pembe zao wenyewe Pwani kabla Waarabu hawajakita Tabora, na waliijua njia hiyo kuliko tajiri yeyote aliyewalipa. Kiongozi alitangulia na bendera, wapagazi wakafuata, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Ujuzi ambao tajiri hakuweza kumkodia mtu ni ule wa kukaa ugenini, nao, kwa maoni yangu, ulikuwa mtaji mkubwa kuliko nguo na shanga zake.

Ujuzi huo ni wa kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kila mfanyabiashara anayeshuka chomboni akipokewa na mwenyeji wake, akilala kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyemlalia mgeni kwa bei ya kupunja, au aliyemuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Mgeni asiyejua bei wala watu wa mji alipata dhamana, na mji nao ulipata wa kumuuliza mgeni akidhulumu. Miaka mia tano baadaye utaratibu unaofanana na huo ulimngoja mfanyabiashara ndani kabisa ya bara, ila huko mwenyeji alikuwa mfalme.

Mfanyabiashara wa Kiarabu Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Suuna II, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, mwaka 1844. Msafara wa namna hiyo ulipita Tabora, ukapumzika Karagwe, ukavuka Mto Kagera na kuingia Buddu, kisha ukasubiri ruhusa ya kusogea hadi kibuga, yaani makao makuu ya Kabaka, kwenye vilima vya Kampala ya leo na jirani zake. Biashara ya pembe ilikuwa mkononi mwa Kabaka, na Kabaka hakupatana bei na mtu. Mgeni alitoa nguo, shanga au bunduki kuwa zawadi, akangoja, na Kabaka akiridhika alimrudishia pembe. Huku akingoja, deni lake kwa Wahindi wa Unguja waliomkopesha mali halikulala. Ilimbidi ajue ni mkuu gani apelekewe kitu kwanza, na lini anyamaze. Ilimbidi pia ajue watu wanataka nini mwaka huo: msafiri Mwingereza Richard Burton alitaja aina za shanga zipatazo 400, na zilizogombewa nchi moja hazikutazamwa nchi ya pili, kwa hiyo aliyekosea kuchagua alikuwa amebebesha watu mawe kwa miezi. Simbi, yaani kauri, zilizotungwa mia mia, zilipendwa Buganda, lakini kadiri zilivyoletwa nyingi ndivyo thamani yake ilivyoshuka. Burton mwenyewe, tukumbuke, hakuwahi kutia mguu Buganda. Habari za Suuna alizoziandika alizipata Tabora kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara aliyefika huko mwaka 1852.

Mtu anaweza kupinga kwa kumtaja msafiri Mwingereza John Hanning Speke. Mwaka 1862, kwenye kasri la Kabaka Mutesa, mrithi wa Suuna, huko Banda, aliambiwa akae chini nje angoje kama walivyongoja Waarabu. Akakataa, akaondoka kwa hasira, na mwisho akaruhusiwa kukalia kiti chake. Basi adabu ya nini? Tofauti ni kwamba Speke hakuwa na haja ya kurudi. Alitafuta chanzo cha Nile, na hata hivyo aliwasili Februari akaachiliwa Julai. Mfanyabiashara aliyekuwa na deni Unguja alihitaji mlango uwe wazi safari ijayo, na ya baada yake.

Pingamizi zito zaidi ni la bunduki: kwamba adabu ilikuwa pambo tu, nguvu ndiyo iliyofungua njia. Tabora inajibu hilo. Chifu wa huko, Manua Sera, alipowatoza wafanyabiashara wa Kiarabu ushuru, wao walichukua silaha wakamweka Mkasiwa mahali pake. Vita vilivyofuata vilivuruga njia, na Snay bin Amir mwenyewe aliuawa humo. Buganda, walikokuwa wachache na dhaifu, walifungiwa mlango katika enzi ya Suuna, nao hawakuwa na bunduki ya kuufungua. Walirudi wakati Mutesa alipowataka.

Haya yote si kuwasafisha wafanyabiashara hao. Mgeni aliyejua kuketi vizuri kwa Kabaka alijua pia kununua mateka wa vita vya Buganda na jirani zake, Busoga na Bunyoro, na bunduki alizotoa zawadi zilisaidia kuwapata hao mateka. Ujuzi wa mwenyeji na mgeni ulifanya kazi sawasawa kwa pembe na kwa binadamu, na hakuna sababu ya kuuita wema. Thamani yake iliisha kwa haraka ya ajabu. Mkataba wa Buganda na Waingereza ulitiwa saini mwaka 1900, reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na mzigo wa kwenda Kampala ukawa unalipiwa forodha Mombasa, kwa karani asiyetaka zawadi ya shanga.